Ibada iko mubashara lakini hatusikii: kutafuta chanzo cha tatizo kwenye huduma ya kanisa mtandaoni

Mwongozo huu ni wa vijana wa mitambo, makatibu wa sharika na wainjilisti wa huku Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Ipogolo hadi Kyela, ambao Jumapili wanakabidhiwa simu ya kanisa na Jumatatu wanaulizwa kulikoni. Jibu huwa moja: mtandao ulisumbua. Waya ukiwa mbovu, mtandao. Nywila ikipotea, mtandao. Mtu akiomba maombi usiku asijibiwe hadi Alhamisi, bado mtandao.

Kabla hujagusa kitu, mtafute mtazamaji mmoja wa nje. Asiwe mtu wa ofisini anayekula WiFi ya kanisa. Awe, kwa mfano, mama anayeuza ndizi Tukuyu, mwenye simu ya kawaida na bando lake mwenyewe. Mwulize aliona nini, alisikia nini, na ilikuwa saa ngapi. "Picha iliganda lakini sauti iliendelea" ni ugonjwa tofauti kabisa na "mlipotea ghafla, mkarudi baada ya dakika tano". Wengi huanza kwa kuzima na kuwasha kila kitu, na ushahidi wote unaondoka hapo hapo.

Picha safi, sauti mbaya

Tunaanzia hapa kwa sababu hapa ndipo watu wanapoondokea. Mtu anavumilia picha yenye ukungu. Sauti inayokwaruza haivumilii hata dakika mbili. Nikisikia kanisa linachangisha kununua kamera wakati mahubiri bado yanasikika kama mchungaji yuko ndani ya pipa, natamani mtunza hazina agome kusaini.

Kama sauti iko mbali na ina mwangwi, simu inasikiliza kwa maiki yake yenyewe kutoka viti vya nyuma. Ukuta wa matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji na bati lisilo na dari vinarudisha sauti kutoka kila upande. Dawa ni kuchukua sauti kwa waya kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti za maiki. Lakini hapo hapo hujitokeza tatizo la pili, ambalo nimelikuta makanisa mengi: waya umechomekwa, taa za mikisa zinacheza, na mwangwi uko palepale. Tazama ile pini inayoingia kwenye simu. Tundu la earphone la simu linataka pini yenye mistari mitatu myeusi. Waya wa kawaida wa madukani una miwili. Simu haioni maiki yoyote ya nje, inaendelea kutumia ya kwake wala haikuambii.

Kipimo chake ni rahisi. Anza kurekodi, kisha kwaruza kwa ukucha kile kitundu kidogo cha maiki chini ya simu. Sikiliza rekodi. Ukisikia mkwaruzo, ujue waya wako ni pambo tu. Simu nyingi za sasa hazina tundu la earphone kabisa, hivyo mtahitaji kifaa kidogo cha kuingiza sauti kupitia USB. Na mfanye kipimo ndani ya programu ileile mtakayorushia, maana ipo inayokubali maiki ya nje na ipo inayoipuuza.

Sauti ikiwa karibu lakini inapasuka kila mchungaji anapoinua sauti, mikisa inatuma nguvu kubwa kuliko simu inavyoweza kumeza. Simu inategemea umeme mdogo wa maiki, ninyi mnaipa mzigo wa spika. Kupunguza kwenye simu hakusaidii, kwa sababu sauti imeshaharibika mlangoni. Shusha ile AUX (njia ya pembeni ya mikisa ya kutolea sauti) inayolisha simu hadi mahali ambapo mchungaji akipaza sauti kwa nguvu zote haipasuki, au nunua waya wenye kipunguza nguvu ndani yake. Msidanganyike na taa nyekundu ya mikisa kutowaka. Mikisa yenyewe iko salama, anayezidiwa ni simu.

Mngurumo usiokoma, ule wa "mmmm", chomoa chaja kwanza. Ukinyamaza, mchawi mmeshampata, tumieni pawabenki wakati wa ibada. Kama mnarusha kwa kompyuta na mngurumo unabaki, chomekeni kompyuta na mikisa kwenye ekstensheni moja badala ya soketi mbili za kuta tofauti. Ikishindikana, kuna transfoma ndogo za kutenganisha sauti, mafundi wa redio wanazijua. Kuna fundi atawashauri kukata ile pini ya tatu ya plagi ili mngurumo ukome. Utakoma kweli, lakini pini hiyo ndiyo inayowalinda msipigwe na umeme mnaposhika maiki ya chuma. Mkatalieni.

Tatizo jingine: mahubiri yanasikika vizuri, lakini kwaya ikiimba ngoma hazipo na waimbaji wawili wenye maiki wanasikika kana kwamba wako peke yao. Anayerekebisha mikisa anarekebisha kwa masikio ya ukumbini. Ukumbini ngoma zina kelele ya kutosha zenyewe, hivyo haziwekewi maiki, au zinawekewa kidogo sana. Mtandaoni kinakwenda kile tu kilichopita kwenye waya. Tengeni AUX moja kwa ajili ya mtandao, na mtu mmoja avae hedifoni akae nje ya ukumbi, hata kwenye gari la mchungaji, ndiye aseme nini kiongezwe. Tundikeni pia maiki moja inayowaelekea washarika. Bila hiyo, mchungaji akisema "Bwana Yesu asifiwe" mtandaoni linajibu kaburi.

Halafu mvua. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na nyingi zinaanguka juu ya bati la kanisa. Hakuna kitufe cha mikisa kinachoondoa hilo, kwa sababu ukiongeza maiki unaongeza na mvua. Kinachosaidia ni umbali: maiki ya kushika iwe vidole viwili au vitatu kutoka mdomoni. Ile ya kubana kwenye kola inameza mvua yote. Mchungaji anayependa kutembea apewe maiki ya kichwani, na ambaye hushusha mkono kila anapofika kwenye hoja nzito aambiwe kwa upole, ikiwezekana na mkewe. Mvua ikizidi, acheni kurusha. Rekodini mahubiri upya ofisini baada ya ibada, dakika kumi tu, madirisha yamefungwa.

Inaganda, inakatika, inarudi

Watu hupima kasi ya kushusha wakashangilia. Kurusha kunatumia kasi ya kupandisha, ambayo kwenye simu huwa ndogo zaidi. Mpime hiyo, na mpime Jumapili saa nne asubuhi, siyo Jumamosi jioni wakati wa mazoezi. Saa nne ya Jumapili simu zote za washarika, na za makanisa mengine mtaa mzima, ziko kwenye mnara uleule.

Picha ya 720p, yaani ya ubora wa kati, inataka kama megabiti 2.5 kwa sekunde, tena zisizoyumba. Kwa ibada ya saa mbili hiyo ni takriban GB 2.25 za bando. Picha ya 480p, iliyo chini yake kwa ubora, inaweza kwenda kwa megabiti 1 hivi, yaani karibu GB 0.9. Kwenye simu ya mkononi mtazamaji haoni tofauti kubwa kati ya hizo mbili, na bando lake naye linapona. Kama kipimo chenu kinaonyesha megabiti 2 zinazopanda na kushuka, msilazimishe 720p kwa sababu kanisa la jirani linarusha hivyo. Acheni nafasi: tumieni nusu ya kile kipimo kinachowaonyesha.

Ruta isikae kabatini nyuma ya madhabahu. Iwe dirishani upande unaotazama mnara, na waya mrefu ulete intaneti hadi kwenye kompyuta. Laini ya mtandao unaofanya vizuri Kihesa inaweza kuwa ya hovyo kabisa Matema, basi ulizeni mawakala wa pesa wa eneo hilo wanatumia laini gani. Wao riziki yao iko hapo, hawana muda wa ushabiki.

Inapokatika ghafla mara moja kisha ikarudi, mara nyingi ni simu imeingia. Mzee wa kanisa anapiga kuuliza "mbona siwaoni?", na simu yake hiyo ndiyo iliyowakata. Simu ya kurushia iwe katika hali ya ndege halafu iwashiwe WiFi peke yake. Iondoeni pia juani. Simu ikipata joto sana hujipunguza kasi au hujizima, hata kama nje ni Julai ya Njombe na watu wamevaa makoti.

Kuna siku kweli ni mtandao. Jumapili ya 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikawa ya kusuasua nchi nzima. Siku ya namna hiyo hakuna waya wa kubadilisha. Rekodini, mtapandisha baadaye kwa bando la usiku.

Na hapa niseme ninachoamini. Sharika nyingi za vijijini hazihitaji kurusha mubashara. Msharika wa Makete au Ileje, ambako mawimbi yanapatikana ukipanda kilima, hawezi kukaa saa mbili akitazama video. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp wa dakika tano haufiki hata MB mbili, anaupakua akiwa sokoni na kuusikiliza akivuna viazi. Kijana mwenye simu moja na mtumishi mwenye neno fupi wanafika mbali kuliko meza ya mitambo iliyokopewa.

Video imenyamazishwa, imezuiwa au imetoweka

Chanzo cha kwanza ni nyimbo. YouTube na Facebook zina mashine inayolinganisha sauti yenu na rekodi zilizosajiliwa. Wimbo uliopigwa kwenye spika kabla ya ibada, au santuri inayosindikiza solo, unanaswa ndani ya muda mfupi. Melodi ya zamani ya kitabuni inaweza kuwa huru, lakini ile rekodi ya kwaya fulani iliyoiimba ina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda, na ofisi inayosimamia ni COSOTA.

Someni ujumbe mliopewa kabla ya kulia. Dai la kawaida la YouTube maana yake mwenye wimbo anaweza kuchukua mapato ya video au kuizuia, chaneli yenu haijapata doa. Onyo la hakimiliki ni kitu kingine, na matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuifunga chaneli. Zimeni muziki wa spika dakika kumi kabla ya kwenda hewani. Mkitaka kuimba wimbo wa kwaya nyingine, waombeni ruhusa kwa maandishi, hata kwa WhatsApp, na muihifadhi.

Chanzo cha pili hakina uhusiano na nyimbo. Tangu Februari 2025, Facebook inahifadhi video za mubashara kwa siku 30 tu, kisha inazifuta. Sharika ambazo zilikuwa zinatumia ukurasa kama kabati la kumbukumbu zimepoteza ibada za Pasaka na harambee za ujenzi. Pakueni kila Jumatatu, mweke kwenye diski ya nje, na mahubiri muhimu myapandishe YouTube kama video ya kawaida.

YouTube ikiwakatalia kwenda mubashara kwa simu, hesabuni waliojiunga. Kwa simu wanatakiwa wasiopungua 50. Pia mkiomba huduma hiyo kwa mara ya kwanza inaweza kuchukua saa 24 kufunguka, kwa hiyo anayeomba Jumapili asubuhi amechelewa.

Hatuwezi kuingia kwenye ukurasa wetu

Ukurasa wa Facebook ulifunguliwa na kijana wa kwaya kwa namba yake. Kijana amekwenda chuo Dodoma, au JKT, au amehamia kanisa lingine kwa hasira. Namba imefungwa kwa kutotumika na labda imeshapewa mtu mwingine. Kanisa linaanzisha ukurasa wa pili, kisha wa tatu, na mgeni akitafuta jina lenu anakuta kurasa tatu, mbili zikiwa za mwaka juzi.

Kama kijana anapatikana, mpigieni leo. Awaongeze wasimamizi wawili kwenye ukurasa kutoka kwenye akaunti yake, na hapo hamhitaji hata nywila yake. Kama hapatikani, jazeni fomu ya kudai ukurasa, mkiwa na barua ya usajili wa kanisa, na mjiandae kusubiri. Kuanzia hapo laini ya huduma isajiliwe kwa jina la taasisi, siyo kwa kidole cha mtu mmoja. Mnaweza kupiga *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha aliyekuwa anaishika. Zile namba za akiba za kuingilia, ziandikwe kwenye karatasi na zifungiwe pale pale panapofungiwa vitabu vya sadaka. Najua wataalamu wanasema nywila isiandikwe. Hao hawajawahi kukaa kwenye baraza la wazee linalobadilisha viongozi.

WhatsApp ya kanisa iwekewe namba ya siri ya tarakimu sita. Mtu akipiga akajifanya mtu wa kampuni ya simu au mwinjilisti wa jimbo, akaomba "ile kodi iliyoingia kwenye simu yako", yaani namba za kuthibitisha, kata simu.

Kuna ukurasa unatumia picha ya mchungaji wetu kuomba sadaka

Huyu ni ndugu yake yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Anachukua picha za ibada, anafungua ukurasa wenye jina linalofanana na lenu, anawaandikia washarika mmoja mmoja kwamba kuna mtoto amelazwa.

Msianze na kumlaani kwenye ukurasa, mtamtangaza. Washarika wengi wauripoti kwa pamoja kama ukurasa unaojifanya mtu mwingine. Namba ya simu iliyotumika itumwe TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040, na kama kuna aliyetuma fedha aende polisi na ujumbe wa muamala. Kisha tangazeni madhabahuni, siyo mtandaoni tu: sadaka ya kanisa inapokelewa kwa lipa namba moja, na jina litakalotokea kabla ya kuweka namba ya siri ni jina la kanisa, siyo la mtu. Kanisa linalopokea kwa namba binafsi ya mchungaji limewazoesha waumini wake kuibiwa, hata kama mchungaji ni mwaminifu kama Danieli.

Nimetuma kwenye WhatsApp, hawajapata

Mlituma kwa orodha ya matangazo? Orodha hiyo inachukua watu 256, na anayepata ni yule tu aliyehifadhi namba yenu kwenye simu yake. Hiyo ndiyo sababu katibu anaona ametuma kwa watu mia mbili na wanaojibu ni wale wale arobaini. Andikeni namba kubwa ukutani mwa kanisa na kwenye ratiba ya ibada, mwombe watu waihifadhi palepale kabla ya baraka ya mwisho. Kazi ya dakika moja.

Ujumbe uliosambazwa mara nyingi nao unabanwa: unaweza kuusambaza kwenye gumzo moja tu kwa wakati mmoja. Kama ni tangazo lenu wenyewe, liandikeni upya badala ya kusambaza lililozunguka.

Kundi lililokufa lina dalili zake: asubuhi picha za maua zenye aya, mchana mtu anauza parachichi, usiku ugomvi wa kisiasa, na tangazo la mkutano wa injili limefunikwa katikati. Tenganisheni. Kundi la matangazo waandike wasimamizi tu, la mazungumzo liachwe lipumue. Ila wageni, wale waliouliza mara moja tu kuhusu imani, msiwaingize kwenye kundi lolote bila kuwauliza. Namba ya binti aliyeuliza swali usiku inaonekana na watu mia tano, na kesho ameanza kupigiwa na asiyemjua. Chaneli ya WhatsApp haiwaonyeshi wafuasi namba za wenzao, kwa wageni ndiyo inayofaa.

Watazamaji wengi, mgeni hata mmoja

Hili ndilo swali la uinjilisti lenyewe, na ndilo linaloulizwa mara chache, kwa sababu namba kubwa ya watazamaji inapendeza kwenye ripoti ya mwaka.

Fungueni takwimu za ukurasa. Msitazame jumla, mle wamo hata waliopita kwa sekunde chache wakitafuta mpira. Tazameni muda wa wastani wa kutazama na miji wanakotoka. Sharika nyingi za Rungwe na Njombe zikifanya hivyo zinakuta wengi wako Dar es Salaam: ni watoto wao wenyewe waliohamia, wanaotazama kwaya ya nyumbani. Hiyo ni huduma nzuri na iendelee, ila isiandikwe kwenye ripoti kama uinjilisti.

Sasa chukueni bango lenu la mwisho la mkutano wa injili. Ninaloliona kila mara lina picha za watumishi sita waliovaa suti, majina yao kwa herufi kubwa na vyeo vyote, aya ya Biblia, anga la zambarau na njiwa. Mahali pameandikwa "viwanja vya kanisa". Kanisa lipi? Mgeni wa Mwanjelwa haijui mipaka ya sharika zenu. Anachohitaji ni daladala ya kupanda, kituo cha kushuka, kitu anachoweza kukiona akishuka, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Saa ya kumaliza ni ya muhimu kuliko mnavyodhani, kwa sababu mama mwenye watoto anapanga na giza. Picha moja, maneno machache, namba moja ambayo itapokelewa.

Video nazo zinaanza na dakika tatu za salamu kwa meza kuu. Kata zote. Anzeni na swali ambalo mtu wa nje analo: madeni ya mbolea, ndoa, msiba, mtoto aliyeingia kwenye kamari. Lugha pia. Wamoravian walipofika Rungwe mwaka 1891 ilibidi wajifunze Kinyakyusa ndipo wasikilizwe. Kijana anayeanza video fupi kwa "Kamwene" pale Iringa, akaendelea kwa Kihehe chepesi, anasikilizwa na bibi kizee kupitia simu ya mjukuu, wakati mahubiri yetu ya Kiswahili sanifu yanampita.

Kisha inboksi. Fungueni sasa hivi, pamoja na ile folda ya maombi ya ujumbe ambayo wengi hawaijui. Mtakuta kitu kama hiki, kimeandikwa saa tano usiku: "Shikamoo mchungaji. Mimi siyo wa kanisa lenu niko Chimala. Naomba mniombee mume wangu ameondoka na sijui nifanye nini." Siku nne baadaye jibu limekwenda: "Amina, ubarikiwe sana." Na baada ya hapo kimya. Hakuna aliyemwuliza jina, hakuna aliyempigia, na Chimala pana makanisa.

Tengenezeni zamu, kama zamu za usafi wa kanisa. Watu watatu au wanne waliokomaa, mmoja akiwa mama, kila mmoja na usiku wake. Jibu la kwanza liitikie salamu, limwite kwa jina, liseme nani anaandika, na liulize kama anapenda kupigiwa simu. Akikubali, na akikubali tu, jina lake lipelekwe kwa mwinjilisti au jumuiya iliyo karibu naye, hata kama ni ya dhehebu jingine mnaloelewana nalo. Akitaja kupigwa au kutaka kujidhuru, anayejibu asibaki peke yake na maandishi: ampigie mchungaji usiku uleule, na kuna dawati la jinsia na watoto kwenye vituo vya polisi. Wanaume wa zamu wasichati na mabinti usiku wa manane kwa jina la huduma. Nadhani hilo halihitaji maelezo.

Matangazo ya kulipia yanakuja baada ya hapo. Mnaweza kuyaelekeza kwa watu wa Mbeya mjini tu kwa fedha kidogo, lakini kulipa ili watu wengi zaidi waandike kwenye inboksi isiyojibiwa ni kununua aibu.

Msharika amekasirika kuhusu picha yake

Ana haki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na taarifa za afya na za watoto zinahitaji uangalifu wa ziada. Mnapoandika "tumwombee mama fulani, anasumbuliwa na ugonjwa fulani, yuko wodi namba fulani", mmetangaza hospitali yake kwa dunia. Ushuhuda urushwe baada ya mhusika kuutazama na kukubali. Picha za watoto wa kipaimara na shule ya Jumapili ziende kwa idhini ya mzazi. Video za watu wakianguka kwenye maombezi, mimi nazipinga kabisa: huyo dada kesho anakwenda kazini, na wenzake wameshaiona. Akiomba ifutwe, ifutwe siku hiyo hiyo, hata kama ndiyo iliyopendwa kuliko zote.

Kama mmeanza kuchapisha habari za kila siku mbali na ibada, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitoka 2018, zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022. TCRA wana ofisi ya kanda Mbeya, nendeni mkaulize kabla hamjaitwa.

Wazee wanasema hawapati chochote

Hawana simu janja, wana kitochi. Hapo mitandao yote mliyohangaika nayo haiwafikii, na hakuna cha kurekebisha kwenye mipangilio. SMS ya kawaida ya maneno machache inafika bila bando. Muda wa redio ya karibu, kama Baraka FM kwa Mbeya, unaweza kutumia mahubiri yale yale mliyokwisha kuyarekodi vizuri. Na memori kadi bado inafanya kazi: vitochi vingi vinasoma, na redio ndogo za mkononi zinasoma. Mwekeeni faili za MP3 zisizo kubwa, majina yaanze na namba ili zicheze kwa mpangilio, mpeni mwinjilisti wa mtaa azungushe, na Jumapili inayofuata azirudishe kujazwa upya.